Kumaliza mzigo si ushindi

Katika soko la Beresford Square, Woolwich, kusini mwa London, kuna sentensi ambayo muuza chakula akiitamka wenzake wote humpongeza: "Leo nimemaliza mapema, alhamdulillahi." Jirani ambaye mzigo wake umedoda humtazama kwa wivu na kujiuliza amekosea wapi. Sentensi hiyo utaisikia Kariakoo, Kongowea na Gikomba, na kwa mama lishe yeyote kuanzia Tanga hadi Goma. Imekuwa kipimo cha ustadi: anayejua biashara humaliza, asiyejua hurudi nyumbani na kiporo.

Nakipinga kipimo hicho. Kwa sehemu kubwa ya vitu ambavyo watu wetu wanauza hapa Woolwich, chakula cha kupikwa hasa, kumaliza mapema kila siku ni dalili ya kuandaa kidogo kuliko inavyopaswa. Anayejisifu kwa kumaliza anajisifu kwa hasara asiyoiona. Na kwa kuwa haioni, ataendelea nayo mwaka hadi mwaka, huku akiamini kwamba kodi ya meza na bei ya unga ndivyo vinavyomrudisha nyuma.

Hoja yangu ni ya pesa, basi tuanze na pesa. Tuseme mama mmoja anauza chapati. Unga, mafuta, gesi na karatasi ya kufungia vinamgharimu peni 50 kwa kila chapati, naye anaiuza kwa pauni 2. Iliyobaki jioni haiuziki kesho. Akipika moja zaidi ya wateja waliofika, amepoteza peni 50. Akipika moja pungufu, mteja amekuja na pauni zake 2 na ameondoka nazo, na mama amekosa faida ya peni 150. Makosa haya mawili hayalingani hata kidogo: la pili lina uzito mara tatu ya la kwanza.

Sasa tuseme amezoea kupika 40. Apike ya 41? Watu wengi watamwambia asipike mpaka awe na hakika ya mnunuzi. Hakika haihitajiki. Kama mteja wa 41 hutokea siku moja tu katika nne, basi siku tatu mama atapoteza peni 50, jumla peni 150, na siku ya nne atapata peni 150. Hajapata, hajapoteza. Mteja huyo akitokea mara nyingi zaidi ya hapo, chapati ya 41 inalipa. Kisha aulize vivyo hivyo kuhusu ya 42, ya 43, na zinazofuata, mpaka aifikie ile ambayo mnunuzi wake hutokea siku moja katika nne. Hapo ndipo pa kusimama. Na msomaji aangalie vizuri matokeo yake: mama aliyepanga vema kabisa atabaki na chapati siku tatu kati ya nne. Atamaliza siku moja tu. Akimaliza kila siku, tena saa saba mchana wakati soko linaendelea mpaka saa kumi na moja jioni, anaacha pesa mezani mwake kila siku.

Geuza mfano. Mwenzake anauza samaki wabichi. Samaki mmoja anamgharimu pauni 9 na anamuuza kwa pauni 12, na asipomuuza leo atamtupa. Hapa kosa la kubakiza lina uzito mara tatu ya kosa la kupungukiwa. Huyu anapaswa kumaliza siku tatu kati ya nne, na akimaliza namvulia kofia. Meza mbili zimekaa bega kwa bega, zote tupu saa saba mchana. Mmoja amefanya kazi nzuri na mwingine amejiumiza. Meza tupu yenyewe haikuambii lolote kuhusu nani ni nani.

Wachumi wameliita jambo hili tatizo la muuza magazeti, kwa sababu gazeti la leo kesho halina mnunuzi. Francis Edgeworth aliandika mwaka 1888 juu ya kiasi cha fedha ambacho benki inapaswa kukiweka tayari kwa wateja wasiojulikana watakuja wangapi, na mwaka 1951 Kenneth Arrow, Theodore Harris na Jacob Marschak wakaliweka suala la akiba ya bidhaa katika hesabu kamili. Wenye magazeti wenyewe waliishi na jibu lake muda mrefu. Hapa Uingereza nakala zisizouzwa hurudishwa, na muuza duka hulipia zile alizouza tu, maana mchapishaji anajua kwamba msomaji aliyekuta rafu tupu anamgharimu kuliko rundo la karatasi lililorudi. Mabaki yamo ndani ya mpango wake tangu asubuhi.

Kwa nini basi sisi tunaona aibu ya mabaki na hatuoni aibu ya kumrudisha mteja? Kwa sababu mabaki yana mwili. Unayabeba, unayanusa, watoto wanayala siku ya pili huku wakinung'unika. Mteja aliyerudi hana mwili. Alisimama sekunde tatu, akaona sufuria imefunikwa, akavuka kwenda kwa mwingine. Hakuna aliyemhesabu. Tuna msemo mzuri, biashara asubuhi, jioni mahesabu, na tunautii: jioni tunakaa chini na kuhesabu. Lakini tunahesabu kilichouzwa na kilichobaki. Kilichokosekana hakina safu katika daftari.

Hapo ndipo tatizo linapojizidisha. Mama wa chapati akimaliza 40 Jumatatu, 40 Jumanne na 40 Jumatano, daftari lake litamwambia kwamba soko lake ni chapati 40. Si kweli. Daftari limemwambia alipika ngapi. Soko lake linaweza kuwa 55 au 70, na hana njia ya kujua, kwa sababu amelifungia mlango kabla halijasema. Atapanga mwezi ujao kwa kutumia kipimo alichokikata mwenyewe kwa kisu. Anayebaki na chapati tano jioni anajua kitu ambacho huyu hakijui: anajua wateja wake walikuwa wangapi siku hiyo.

Nimesikia jibu la wenye meza za muda mrefu, nalo hutolewa kwa heshima na kwa msisitizo: uzoefu hufundisha. Mtu aliyekaa sokoni miaka ishirini hahitaji kufundishwa hesabu ya peni, mkono wake unajua. Ningependa iwe hivyo, kwa sababu nawaheshimu watu hawa. Ushahidi unakataa.

Mwaka 2000 Maurice Schweitzer na Gérard Cachon walichapisha jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Waliwaambia washiriki kila kitu. Wanunuzi watakuwa kati ya 1 na 300, kila idadi ina nafasi sawa. Bidhaa inauzwa kwa 12. Katika duru moja gharama yake ni 3, katika nyingine ni 9. Hakuna siri na hakuna mtaji wa kukopa, na hakuna mteja wa kuudhi. Kwa bidhaa ya gharama 3, oda bora ni 225. Kwa bidhaa ya gharama 9, oda bora ni 75. Washiriki waliagiza kidogo mno kwa ile yenye faida kubwa na wakaagiza kupita kiasi kwa ile yenye faida ndogo. Pande zote mbili walivutwa kuelekea 150, yaani katikati. Na waandishi hao walionyesha kwamba woga wa hasara peke yake hauwezi kueleza jambo hilo, kwa sababu mwoga angepunguza oda pande zote mbili. Moja ya maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba watu wanachukia kukosea idadi. Wanataka oda ilingane na wateja, basi, bila kujali kosa lipi ni ghali na lipi ni rahisi.

Soma tena maelezo hayo, kisha sikiliza sifa ya sokoni: amemaliza na hakubakiza. Ni kitu kilekile. Tunashangilia ulinganifu, wakati faida haimo katika ulinganifu.

Labda utasema hao walikuwa wanafunzi. Gary Bolton, Axel Ockenfels na Ulrich Thonemann walilichukua swali hilo mwaka 2012 na kuwaweka mameneja wenye uzoefu wa kazi ya kununua bidhaa kando ya wanafunzi. Mameneja nao walivutwa katikati. Miaka ya kazi haikuwaponya. Na mimi nasema haikuwa ajabu, kwa kuwa uzoefu hufundisha pale tu mwalimu anaporudisha daftari lililosahihishwa. Mpishi huonja mchuzi na kujua chumvi imezidi. Muuzaji aliyemaliza saa saba haonjeshwi kitu. Katika jaribio la maabara, angalau kila mwisho wa duru walionyeshwa wanunuzi walikuwa wangapi, na bado walikosea. Sokoni hata hicho hatupewi. Miaka ishirini ya kutoonyeshwa kosa ni miaka ishirini ya kulizoea.

Kuna Kenya pia, na hapa ushahidi unakaribia zaidi maisha yetu. Mwaka 2013 Michael Kremer, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Jean Lee, Jonathan Robinson na Olga Rostapshova, walichapisha utafiti wa maduka madogo ya rejareja vijijini nchini humo. Wenye maduka waliochukia hasara ndogondogo walielekea kuwa na mzigo mdogo dukani. Sisemi hivyo kuwadharau. Nasema woga wa hasara ya shilingi chache unaweza kuonekana kwenye rafu za duka, kwa macho. Na mwaka 2014 Lori Beaman, Jeremy Magruder na huyo Robinson wakatoa utafiti mwingine, hukohuko Kenya, juu ya jambo dogo kabisa: chenji. Waligundua kwamba biashara ndogo zilikuwa zinapoteza takriban asilimia 5 hadi 8 ya faida kwa sababu ya kukosa chenji ya kumrudishia mteja aliyekuja na noti kubwa. Chenji haiozi, wala haipitwi na wakati. Kuiweka tayari kunahitaji kutembea mpaka kwa jirani asubuhi. Na wenye biashara walipoulizwa mara kwa mara kuhusu mauzo waliyoyakosa, wakaanza kubadilika. Hawakupewa mtaji. Waliulizwa tu kuhusu mteja asiye na mwili, naye akaanza kuonekana.

Woolwich ilipaswa kulijua hili kuliko mahali pengine popote. Lango la Beresford, lililojengwa mwaka 1828 na linalotazama meza za soko mpaka leo, lilikuwa mlango wa Royal Arsenal, karakana kubwa ya silaha ya dola ya Uingereza, iliyoanza kama ghala mwaka 1671 na kupewa jina hilo mwaka 1805. Ndani ya kuta zile, kwa zaidi ya karne mbili, kazi ilikuwa ni kutengeneza na kutunza akiba ya kitu ambacho mahitaji yake hayatabiriki. Hakuna anayejua vita vitakuja lini. Hakuna anayejua vitakula makombora mangapi. Na gharama za makosa hayo mawili zinatofautiana mno: kombora lililobaki ghalani ni chuma na baruti na kodi ya wananchi, kombora lililokosekana ni watu.

Vita vya Makaburu vilipoanza Oktoba 1899, Jenerali Henry Brackenbury, aliyekuwa na dhamana ya silaha za jeshi, alikuta akiba haitoshi, na Desemba mwaka huohuo akaiandikia serikali kuieleza hivyo bila kuficha. Mwaka 1900 kamati ya Francis Mowatt ikapewa kazi ya kupanga akiba mpya. Vita vikaisha mwaka 1902. Na mara tu vilipoisha, jicho la Hazina likarudi kwenye kile kinachoonekana: karakana yenye mashine zilizolala na wafanyakazi wanaolipwa wakati hakuna vita. Watu wakaanza kupunguzwa kazi. Will Crooks, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Woolwich mwaka 1903 kwa tiketi ya wafanyakazi, alikuwa miongoni mwa waliopigana na punguzo hilo. Kwa wenye hesabu London, karakana iliyobaki na nafasi ilikuwa sawa na mama aliyebaki na chapati. Ilikuwa aibu.

Tarehe 9 Mei 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishambulia Aubers Ridge, Ufaransa. Waliyapiga mahandaki ya Wajerumani kwa mizinga dakika 40, kwa makombora machache, mengi yake si ya aina iliyoweza kuvunja ngome za udongo. Siku hiyo moja walipoteza watu zaidi ya 11,000, ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Tarehe 14 Mei gazeti la The Times likachapisha habari ya mwandishi wake Charles Repington kwamba upungufu wa makombora ndio uliokwamisha shambulio. Kabla ya mwezi kwisha serikali ya Waziri Mkuu Asquith ilikuwa imelazimika kuwaingiza wapinzani wake, na Juni ikaundwa Wizara ya Silaha chini ya Lloyd George. Wanahistoria wanabishana bado ni kwa kiasi gani shambulio lilishindwa kwa sababu ya makombora na kwa kiasi gani kwa sababu ya mipango mibovu ya makamanda. Hawabishani kwamba viwango vya akiba viliwekwa kwa kutazama vita vya Afrika Kusini, vita vya uwanda na farasi, na kwamba vita vya mahandaki viliyala makombora kwa kasi ambayo hakuna aliyeiandalia. Walipika chapati za jana.

Arsenal ikapanuka mpaka ikawa na wafanyakazi karibu 80,000, wanawake kwa maelfu wakiwemo. Kisha Novemba 1918 ikafika, mahitaji yakakatika, na mambo yakageuka upande wa pili. Ili watu wasiachwe bila kazi, serikali iliamua Arsenal itengeneze injini za treni. Zikaagizwa seti za injini 100 za aina moja, bila kampuni ya reli iliyoahidi kuzinunua. Mzigo ukadoda. Mwishowe Southern Railway ikachukua 50 kwa bei ya kutupa, nyingine zikaenda Ireland, chache zikaenda kwa Metropolitan Railway. Wafanyakazi wa reli wakazibandika jina la utani la duka la bei rahisi, Woolworths.

Naleta habari ya injini makusudi, maana kuna atakayesema kwamba ninachohubiri ni kuagiza kwa wingi. Siyo. Injini ya treni ni kama samaki wa pauni 9, tena mbaya zaidi: ghali kuitengeneza, na asiyeihitaji hainunui hata ukimpunguzia. Mtu angeweza kuitetea oda ile kwa sababu ya ajira, na mimi nisingembishia sana. Kazi ya baba wa familia katika Woolwich ya mwaka 1920 ilikuwa na thamani ambayo haimo katika bei ya injini. Lakini kama biashara, ilikuwa kosa la upande wa pili. Ndani ya miaka michache, nyuma ya lango moja, makosa yote mawili yalifanywa, la kupungukiwa kwa kitu ambacho kupungukiwa kwake kunaua, na la kubakiza kwa kitu ambacho kubakiza kwake kunafilisi. Hakuna idadi ya katikati ambayo ingefaa vyote viwili.

Sasa nije kwenye pingamizi ninayoiheshimu kuliko zote. Mama wa chapati hana mtaji. Unga wa leo umenunuliwa kwa mauzo ya jana. Peni 50 zilizopotea mara kumi ni pauni 5, na pauni 5 ni nauli yake ya basi kwenda na kurudi na kitu cha watoto. Nyumbani, Dar es Salaam au Nairobi, mwenzake amekopa kwa wale wanaoitwa kausha damu, na siku tatu mfululizo za mabaki zinaweza kumfungia biashara kabla siku ya nne nzuri haijafika. Hesabu ya siku nne inamfaa mtu anayeweza kuishi mpaka siku ya nne. Hilo ni kweli, na wachumi wanaowaita wafanyabiashara wadogo wajinga kwa kuagiza kidogo wanapaswa kunyamaza mpaka waishi kwa mtaji wa siku moja. Mwenye mtaji wa siku moja apige hatua ndogo: mbili zaidi, si ishirini.

Hata hivyo pingamizi hiyo inatetea kitu kingine, si sifa ya kumaliza. Anayeagiza kidogo kwa sababu mtaji hauruhusu anajua kwamba anapoteza, na anatafuta njia ya kutoka: anajiunga na mchezo wa kila wiki, anazungumza na mwenye duka la jumla ampe unga alipe Ijumaa, anamwomba jirani mwenye friji. Woolwich ina mfano wake wa zamani. Mwaka 1868 wafanyakazi wa Arsenal waliungana wakaanzisha ushirika wa kununua chakula kwa pamoja, Royal Arsenal Co-operative Society, ambao jengo lake la mwaka 1903 bado lipo Powis Street. Waliona ukosefu wa mtaji kuwa ukosefu wa mtaji, wakautibu. Anayeuita ukosefu huo ustadi hatautibu kamwe. Na ninaowasema katika makala haya ni pamoja na wenye maduka yenye friji tatu na akaunti benki, ambao nao humaliza sambusa Ijumaa kabla watu hawajatoka msikitini Plumstead Road, kisha wakasimulia kwa fahari.

Pingamizi ya pili ni ya dini na malezi: kubakiza chakula ni israfu. Nakubali kwamba kutupa chakula ni dhambi, na sitaki mtu yeyote asome makala haya akaona ruhusa ya kujaza pipa. Ila kubakiza na kutupa ni mambo mawili. Chapati tano za jioni zinaweza kuuzwa nusu saa kabla ya kufunga kwa peni 30 kila moja. Zinaweza kwenda kwa wanaolala nje. Kuna programu ya simu ya Too Good To Go, inayotumika Uingereza tangu 2016, ambayo kazi yake ni kuuza mabaki kama hayo kwa bei ya chini. Na angalia kinachotokea kwenye hesabu: kama ya jioni inauzwa kwa peni 30, hasara ya kubakiza imeshuka kutoka peni 50 hadi peni 20, huku faida ya kumridhisha mteja wa mchana ikibaki peni 150. Sasa mama anaweza kuwa na mabaki karibu siku tisa kati ya kumi na bado awe amepanga vizuri. Aliyepanga njia ya mabaki hatupi. Anayetupa ni yule aliyeapa kwamba hatabakiza, kwa hiyo hakupanga chochote, na mvua ikanyesha.

Wapo pia wanaosema uhaba huongeza hamu: mteja akikosa leo kesho atawahi. Wapo wauzaji wachache ambao kwao ni kweli. Lakini Woolwich ilikuwa mahali pa mkahawa wa kwanza wa McDonald's nchini Uingereza, mwaka 1974, na Powis Street na barabara zinazoizunguka leo zina chakula cha Kinaijeria, Kisomali, Kinepali na Kituruki. Tangu kituo cha treni cha Elizabeth line kilipofunguliwa tarehe 24 Mei 2022, mtu mwenye njaa anayetoka kazini ana dakika kumi na mikahawa mingi. Hatawahi kesho. Amekwisha kula.

Ninachomwomba mwenye meza ni kitu ambacho hakigharimu. Achukue daftari aongeze safu mbili: saa aliyomaliza, na vijiti vya kalamu kwa kila mtu aliyeuliza akakosa. Akimaliza kabla ya kufunga, asiondoke mara moja. Akae nusu saa, asafishe meza, ahesabu wanaouliza. Alinganishe Ijumaa na Ijumaa, Jumanne na Jumanne. Aongeze kidogo, kisha akishaongeza asiguse idadi hiyo kwa siku kumi za soko, hata kama ya kwanza ilikuwa mbaya. Bolton na Elena Katok walionyesha mwaka 2008 kwamba watu waliolazimishwa kushikilia oda moja kwa duru kumi waliagiza vizuri zaidi kuliko wale walioruhusiwa kubadilisha kila duru, kwa sababu hawakupata nafasi ya kukimbiza soko la jana. Baada ya siku kumi ahesabu siku alizobakiza na siku alizomaliza, na aziweke mbele ya gharama zake mwenyewe, bidhaa moja moja: chapati peke yake, samaki peke yake, soda ambayo haiozi peke yake.

Na wanaoendesha semina za ujasiriamali, hapa kusini mwa London na kule nyumbani, waache kumpa cheti yule anayesimama mbele ya wenzake na kusema hajawahi kubakiza hata sambusa moja. Wamuulize ilikuwa saa ngapi alipomaliza, na nani alikuja baadaye.